Ong na Lai Chini ya Taa Moja

Bibi Weng, jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, hanunui kimoja ikiwa anaweza kununua viwili. Kwa hiyo mjukuu wake Peiju alipolilia mjusi mwenye ndevu, bibi alikwenda dukani mwenyewe akarudi na mijusi wawili wachanga, kila mmoja hazidi urefu wa kidole, ndani ya sanduku moja la kioo.

"Mmoja peke yake ni yatima," alisema. "Nyumba yangu haifugi yatima."

Akawaita Ong na Lai. Hapa kwetu Chiayi Ong ni neema na Lai ni njoo; ukiyatamka majina hayo kwa pamoja umetaja nanasi, na papo hapo umeiita neema iingie nyumbani. Bibi Weng alifurahi kweli kweli, maana wale mijusi walikuwa na miiba miiba mwilini kama nanasi lenyewe.

Sasa, mjusi mchanga ni mlafi. Anataka kula asubuhi, mchana na jioni: nyenje wadogo waliogaragazwa kwenye unga wa kalsiamu, na majani ya viazi yaliyokatwakatwa. Taa ya joto iwashwe kukicha, izimwe jua likizama. Nyenje waliobaki waokotwe mmoja mmoja, la sivyo usiku watamtafuna mjusi mwenyewe akiwa usingizini. Peiju alikuwa na miaka kumi. Akitoka shule anapitiliza tuisheni, anarudi giza limeshaingia, mkoba umemzidi uzito. Mambo hayo angeyafanya saa ngapi? Kazi ikamwangukia yule ambaye kila kazi ya nyumba ile humwangukia.

Huyo ni Mei-o, mke wa mtoto wa pili wa Bibi Weng. Ni binti wa mashamba ya chumvi ya Budai, aliolewa hapa akiwa bado na mashavu mekundu ya upepo wa pwani. Mashavu yameisha. Anauza mabomba na koki katika duka la familia chini, anapika ghorofa ya kwanza, anadeki ghorofa ya pili anakokaa mtoto mkubwa na mkewe Lan-yin, wazazi wa Peiju, kisha analala juu ya dari, katika kibanda cha bati alichojengewa na mumewe Chin-fa. Hawakujaliwa mtoto. Mara mbili walipata nyumba ya kupanga mtaa wa pili, na mara zote mbili Bibi Weng alishikwa na moyo, akalala kitandani akigeukia ukutani mpaka wakazirudisha funguo.

"Nikiwa ninapumua," alisema, "nyumba hii haigawanywi."

Kwetu hilo ndilo neno zito, kugawa nyumba. Wana wakipika vyungu viwili mama angali hai, watu watauliza mama alikosa nini. Bibi Weng hakutaka kuulizwa kitu. Mtaa mzima ulimsifu kwa jinsi wakwe zake walivyopatana, na Mei-o ndiye aliyetajwa kwanza. Hajibu, hanuni, na akimwona mama mkwe hata kwa mbali huinua mkono taratibu na kutabasamu. Mimi sifa hizo zilinikera tangu zamani, lakini mwenye nguvu mpishe, na mimi nilimpisha.

Mei-o hakuwataka mijusi wale. Aliniambia tukisubiri gari la taka, maana foleni ya taka ndiyo baraza letu wanawake wa kichochoro.

"Dada, mimi nimekuwa yaya wa mijusi. Bado kunipa mbu niwaogeshe."

"Wana heshima lakini?"

"Kuliko watu! Yule mdogo, Lai, kila nikipita anainua mkono ananipungia. Anauzungusha pole pole hivi, kama bibi harusi."

Tukacheka. Nyumbani kwao nako walicheka. Lai alimpungia Ong kutwa, na Ong alipochoka kupungiwa alimpanda Lai mgongoni akalala juu yake chini ya taa. Lan-yin aliwapiga picha. Bibi Weng aliwaita wateja kutoka dukani waje waone. "Ndugu hao! Wanakumbatiana. Binadamu wangejifunza."

Ila Mei-o ndiye aliyewalisha, na mlishaji huona. Ong alikuwa anatanuka kama chapati. Lai alibaki vile vile, kisha ncha ya mkia ikapotea, kisha kidole kimoja cha mguu. Alikwenda kuuliza kwa muuza nyenje, na yule kijana akamcheka mbele ya wateja.

"Nani kakwambia anasalimia, dada? Anasema, mimi mdogo, usiniumize. Na yule anayelala juu hamkumbatii mtu. Anakinga taa, joto lote liwe lake. Watenganishe, kila mmoja na sanduku lake, la sivyo utabaki na mmoja."

Mei-o alirudi bila kununua nyenje. Kwa sauti ile ile ya kuomba radhi, alilisema jambo hilo mezani usiku, wote wakiwepo. Bibi Weng aliweka vijiti vyake chini.

"Unataka kuwagawa?"

"Sanduku la pili tu, Mama. Hata dogo."

"Ong upande huu, Lai upande ule. Neema huku, njoo kule. Hiyo neema itaingiaje? Nani kakufundisha kugawa nyumba ya wenzako?"

"Mama, Lai anaumwa."

"Anadeka. Wa pili siku zote hudeka."

Chin-fa alikuwa anakula. Baadaye, kule juu darini, alimwambia mkewe, "Ni mijusi tu, Mei-o. Usinitafutie vita." Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, lakini ni nani anayemwuliza ndama?

Hapo ndipo Mei-o alipofanya jambo la kwanza la ujeuri katika maisha yake, na alilifanya kwa kufuata kengele ya shule. Peiju akishapakiwa kwenye pikipiki ya mama yake asubuhi, Bibi Weng akiwa hekaluni na ubani wake, Mei-o alimtia Lai ndani ya mfuko wa aproni na kupanda naye darini. Huko alikuwa na boksi jeupe la povu alilopewa na muuza samaki, kipande cha kigae, na balbu. Bati likipigwa na jua chumba kile huwa tanuri, na miaka yote alikilaani. Sasa kilifaa. Lai alikula peke yake, bila kuangalia nyuma, kisha akajitandaza juu ya kigae na kufumba macho. Bibi Weng akiuliza mchana, aliambiwa mdogo amejificha nyuma ya gogo. Jioni, kabla pikipiki haijarudi, alimrudisha kwenye kioo, akiwa ameshiba na amepata joto, na taa ikazimwa. Usiku Ong hakuwa na cha kunyang'anya.

Alinipandisha huko siku moja nikamwone. Lai alikuwa amepata rangi mpya, manjano kabisa, na alinitazama bila kuinua mkono.

"Hakusalimii," nikamwambia.

"Ndiyo," Mei-o akasema, na alicheka mpaka akakaa kitandani. "Hapa yuko kwake, Dada. Amsalimie nani?"

Nilifurahi kwa ajili yake, na niliogopa. Aliimba dukani miezi ile. Bibi Weng alimwambia kila mtu kwamba upendo umemponya mdogo, na Mei-o akaendelea kukata majani.

Kisha shule zikafungwa kwa mwaka mpya wetu, ule wa kalenda ya mwezi.

Peiju alishinda nyumbani, tumbo chini, pua kwenye kioo. Baridi ya kaskazini ikashuka. Mei-o alimbembeleza mtoto kwanza. "Mama mdogo akuombe kitu? Lai alale kwangu juu, wewe utakuja kumwona." Peiju alifikiri, mtoto mwema tu, akasema, "Lakini Bibi atanigombeza." Mei-o akaenda kwa mama mkwe. Bibi Weng alikuwa anabandika karatasi nyekundu mlangoni.

"Siku za watu kukutana, wewe unataka kutenganisha?"

"Basi siku ya pili nikienda kwetu Budai, niende naye. Nitamrudisha jioni, Mama."

"Siku ya pili wifi yako anakuja na watoto. Lan-yin anakwenda kwao. Nani atapika?"

Siku ya pili ya mwaka ndiyo siku ya mke kurudi kwa mama yake mzazi. Lan-yin alikwenda, na vikapu viwili vya zawadi. Mei-o alifunga aproni. Wifi alikuja na mume na watoto watatu, sebule ikajaa, na wote wakasogelea kioo. Ong alikuwa juu, Lai chini.

"Jamani, tazameni wanavyopendana!" Wifi alisema, simu mkononi. "Peiju, washa taa nyingine, nipate picha nzuri."

Mei-o alikuwa amebeba sinia la chai. Alitazama mara moja tu. Lai alikuwa mweusi kuanzia kidevu hadi tumbo, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

"Mama," alisema, "Lai amekufa."

Neno hilo halitajwi nyumbani siku hizo, hata kwa mende. Mtoto mdogo akiliropoka, mkubwa humfuta mdomo kwa karatasi ya chooni na watu wakacheka, yakaisha. Bibi Weng alichana karatasi kutoka kwenye roli lililokuwa mezani. Hakucheka. Alimnyooshea Mei-o, mwanamke aliyekwisha kuota mvi, mbele ya wageni wote.

"Futa."

Mei-o aliweka sinia chini. Akafuta mdomo wake upande hadi upande.

"Sema, amelala."

"Amelala, Mama."

Chin-fa alimimina chai. Ninamwandika hivyo kwa sababu ndicho alichofanya.

Wala Mei-o hakuweza kumzika Lai. Siku hizo hakuna kufagia wala kutoa taka, neema isije ikatoka nayo, na ua wao wote ni saruji. Lai alifungwa katika karatasi ya gazeti akawekwa kwenye friza, kando ya samaki wa mwaka mpya, na kila alipotoa cha kupikia Mei-o alimsogeza. Picha ya wifi ilipendwa na watu wengi. Chini yake aliandika: udugu.

Siku ya tano gari la taka likaja na muziki wake, na kichochoro kizima kikamwagika nje na mifuko. Mei-o alisimama mbele yangu. Mfuko mkubwa ulikuwa mkono wa kushoto, na kifurushi cha gazeti kifuani. Alinieleza yote bila kutoa chozi, akiangalia mbele.

"Nilimfundisha kuacha kupunga, Dada," alisema. "Nilimfundisha mimi. Akarudi mle ndani kwa siku nyingi hivyo amesahau kuomba."

Nilimsogelea mpaka mabega yakagusana.

Gari lilipofika alitupa mfuko, kisha akakiweka kile kifurushi kwa mikono miwili, na chuma cha gari kikageuka. Peiju alikuja mbio kutoka ndani, viatu vya kandambili.

"Mama mdogo! Bibi amesema usilie. Amesema Ong asikae mpweke. Tutanunua Lai mwingine, mdogo mdogo, kabla sijafungua shule. Wewe utamlisha, eti?"

Mei-o alifungua mdomo. Nilidhani sasa, sasa atasema, na wallahi ningemsaidia. Lakini Bibi Weng alikuwa ametokeza mlangoni, koti jipya jekundu, anatutazama. Mei-o alimwona. Akainua mkono wake wa kulia, akauzungusha pole pole, akatabasamu.

"Umemwona?" Bibi Weng akaniita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Hata kwenye foleni ya taka hasahau kunisalimia!"