Mjukuu Wangu Hakubemendwa

Mdomo wangu hauna breki, najua, na hapa Mlingotini hakuna asiyejua. Nimegombana na wauza samaki, nimegombana na mashoga zangu, hata na imamu nimewahi kugombana kwa sababu ya spika ya msikiti. Lakini ugomvi ninaoujutia mpaka leo ni mmoja tu, niliomfanyia mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Binti alikuja kwangu tangu mimba ikiwa changa, ajifungulie hapa, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika alfajiri, ukaenda mbio, na bajaji tuliyoiita haijafika, mtoto keshatoka. Nikampokea mwenyewe. Nilishawahi kuwapokelea watoto majirani wawili watatu, sikutetemeka. Nikamtazama: wa kiume, vidole vyote vipo, mdomo mzuri kama wa baba yake. Nikasema alhamdulillah, huyu kakamilika. Bajaji ilipofika nikairudisha ilikotoka. Zahanati ya nini tena? Mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini, ndivyo tulivyolelewa.

Tangu siku ya kwanza mtoto alinyonya kwa shida. Analing'ang'ania titi, anavuta, anatoka jasho, kisha anapaliwa na maziwa yanamtokea puani. Nikasema atazoea. Siku ya saba tukamnyoa nywele, na baba yake akaja kutoka Saadani, anakofanya kazi ya kufyeka njia za hifadhi. Akampakata mwanawe huku anacheka peke yake. Siku tatu baadaye mapaja ya mtoto yalikuwa ngozi tupu. Shoga yangu mmoja alikuja kumwona, akafunua kanga, akasonya, akalitamka neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo moyoni.

"Huyu kabemendwa."

Kwa asiyejua mambo yetu, mtoto mchanga akidhoofu bila homa, tunasema mzazi wake mmoja katoka nje ya ndoa, kisha akaja kumshika na uchafu wake. Huko ndiko kubemenda. Binti yangu alikuwa ndani kwangu siku zote, hakutoka hata ukumbini. Nani aliyebaki? Nikatoka mpaka barazani alikokaa mkwe wangu, nikampigia kelele majirani wanasikia. "Umetoka na nani huko Saadani? Unamuua mwanao!"

Aliinamisha kichwa, maana mkwe hamtazami mama mkwe machoni. "Mama, wallahi sijatoka na mtu."

"Usiniapie! Na mtoto humgusi tena."

Kesho yake alirudi kazini bila kumuaga mwanawe. Binti akageukia ukutani akalia, nami nikadhani analilia usaliti wa mume. Nikaenda kutafuta majani ya kumwogeshea mtoto. Nilimwogesha asubuhi na jioni, na kila siku alizidi kuwa mwepesi mikononi mwangu.

Siku ya kumi na tisa akapiga hodi nesi wa zahanati yetu. Ni mtu wa bara, mwenye msalaba mdogo shingoni, na mimi nilikuwa na mchezo wa kumwigiza anavyoongea, wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nesi huyu anamjua kila mjamzito wa hapa na wakati wake wa kujifungua. Wakati ukipita hajakuona, anakufuata kwa miguu. Alishagombana nami mara moja, nilipomchelewesha binti kliniki mpaka mwezi wa tano kwa sababu mimba changa haitangazwi. Alisema vidonge anavyowapa wajawazito vinafaa zaidi mapema, mtoto anapoanza kuumbika. Nikamwambia yeye hajazaa, atajua nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto kalala."

"Nitamsubiri aamke," akasema, akavua viatu, akaomba maji na sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko.

Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, wa nguo, wa vyombo, wa milango, lakini fundi kama yule sijamwona. Alianzia utosini, akaupapasa kwa ncha za vidole. Macho, masikio. Akamgeuza, akapitisha kidole mgongoni pingili moja moja mpaka chini. Akakunjua nyonga, akapima nyayo, akasikiliza moyo kwa muda mrefu mpaka nikachoka kusimama. Nilidhani kamaliza. Akaosha kidole tena, akakiingiza kinywani mwa mtoto, akakipitisha juu. Akawasha tochi ya simu.

"Mama, njoo uone."

Nikainama. Lahaula! Juu kwenye kaakaa palikuwa na tundu, refu na jekundu, limepanda mpaka ndani ya pua. Midomo mizima, mizuri, na nyuma yake nyumba haina dari. Mimi niliyemhesabu vidole sikuwahi kumfunua kinywa.

"Maziwa yalianza kutoka puani lini?" nesi akauliza.

Binti akajibu kutoka kitandani, macho yake kwangu. "Tangu siku ya kwanza. Kabla baba yake hajaja."

Nikakaa chini. Nesi akaniambia taratibu, "Hakuna aliyemfanya hivi, mama. Aliumbika hivi tumboni, mwanzoni kabisa. Hata picha ya tumboni kwa kawaida hailioni tundu kama hili, ndiyo maana tunaangalia kwa tochi na kidole. Kunyonya anataka sana, ila hawezi kuvuta, hewa inampotelea humo." Kisha akasema lazima twende hospitali Bagamoyo siku hiyohiyo, maana mtoto alikuwa ameanza kukauka maji.

Nikafungua mdomo nitaje arobaini. Akaniwahi.

"Mila sikukatazi. Mfunike, msomee, mfukize udi, nitamshikia mwavuli mwenyewe. Lakini leo twende."

Na kweli aliushika ule mwavuli mpaka kwenye bajaji. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee hawakukosea.

Hospitali walimpima moyo na kila kitu, wakaona tundu ni hilo tu. Wakatufundisha kulisha: mama anakamua, mtoto anaketishwa wima, kikombe kidogo kinagusa mdomo wa chini, funda moja, unasubiri, funda jingine. Ukisikia hivi unaona rahisi. Thubutu! Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na ukiharakisha anapaliwa. Tuliporudi nyumbani binti alikuwa anasinzia amekaa, na mikono yangu ya uzee inatetemeka, nusu ya maziwa inaishia kwenye kanga. Nesi alipita kila jioni baada ya kazi, akamwangalia mtoto, akatuangalia na sisi.

"Baba yake yuko wapi?"

Binti akamweleza yote, nami nimekaa palepale. Nilingoja anisute, na haki alikuwa nayo. Akasema tu, "Mpigieni simu. Nahitaji mkono usiotetemeka."

Mkwe wangu alifika kesho yake. Alisimama mlangoni mikono ameiweka nyuma, hataki kuingia, mpaka nesi akamvuta kwa kiwiko, akamkalisha, akamkabidhi mtoto na kikombe. Toka hapo kazi ikawa yake. Sijapata kuona mwanamume mvumilivu namna ile. Wiki ilipotimia nesi alikuja na mizani, akaitundika kwenye boriti, na mshale ukapanda. Binti akapiga kigelegele hata jirani wakaja mbio. Upasuaji wa kuliziba lile tundu ulikuja baadaye, huko Dar, uzito ulipotosha. Lakini siku tulipojua kwamba ataishi ni ile.

Mchana huo nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikapanga sinia zuri la kumpelekea mkwe. Nesi akanisimamisha ukumbini.

"Mama, sinia hili linasema nini?"

"Linaomba radhi."

"Sinia halina mdomo. Wewe unao."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikaenda. Nikakaa mkekani, chini ya kiti chake. "Mwanangu, nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu. Nisamehe."

Nilitegemea aseme yameisha, kama watu wanavyosema. Alingoja kwanza mtoto ameze.

"Mama, mimi nilikuamini," akasema. "Sikuwa nimetoka na mtu. Lakini nilirudi Saadani nikawa najiuliza nimempa nani mkono, nimekaa karibu na nani, mpaka nikambebea mtoto uchafu wake. Nilinawa mikono mpaka ikachubuka. Siku zote zile nilijua ninayemuua mwanangu ni mimi."