Kwa Mchawi

Juzi dereva wa bodaboda alinionyesha simu yake. "Nakushusha hapa Kwa Mchawi, sista?" Jina lilikuwa kwenye ramani, nami nikaona aibu kana kwamba ananijua.

Jina hilo nililitoa mie. Nilipokuwa mtoto, alasiri moja mpima ardhi alitandaza karatasi yake kubwa barazani kwa Bi Mwanaidi, jirani yetu pale Temeke, huku mafuta ya vitumbua yakinukia mtaa mzima. Akaniuliza, "Mtoto, hapa panaitwaje?"

Watu wote walipaita Kwa Bi Mwanaidi. Lakini asubuhi bibi huyo alikuwa amenisemea kwa mama, nikachapwa.

"Kwa Mchawi," nikajibu.

Akacheka, akaandika kwa penseli. Mie nilidhani kila kilichoandikwa kwa penseli hufutwa, kama kwenye daftari langu la hesabu.

Bi Mwanaidi akatoka na maji na vitumbua vya mgeni. Hakujua kusoma. Aliinamia ile karatasi, akayagusa maandishi kwa kidole chenye unga.

"Kaandika nini, mjukuu wangu?"

"Jina lako, bibi."

Akatabasamu, akanipa na mie kitumbua. Nilikila chote.