Nilidesign pete ya harusi na software ya bure, mafundi wa Eldoret wakanicheka

Wakuu, hamjambo humu. Naandika nikiwa na hasira kidogo, lakini kila kitu hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Hakuna chumvi.

Mimi ni fundi wa pete na bangili, nina kameza kangu huku mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Miaka yote nilichora kwa karatasi. Siku hizi customer anataka aone pete kwa screen, aizungushe, ndio aamini.

Nikauliza kwa group ya mafundi: ni software gani mtu wa kawaida anaweza kumudu?

Ken, mwenye duka kubwa hapo town, akanijibu mbele ya watu wote: "Dada, kama huwezi ile ya kulipia kila mwezi, baki na shanga." Watu wakacheka.

Hiyo ya kulipia nilikuwa nimeiangalia. Inashinda rent yangu! Nikasema sitalipa mtu anipe ruhusa ya kuchora.

Nikadownload ya bure. Wueh! Wiki mbili nililia, aki. Pete ya kwanza ilitoka kama mandazi imekaliwa. Lakini nilikomaa na video hadi nikajua vitu vitatu ninavyohitaji: kuchora duara, kuweka unene, kutoa file ya printer. Hizo button zingine zikae huko.

Basi mkimbiaji mmoja wa Kaptagat akanipa kazi ya pete yake ya harusi. Nikamfuata kwa camp yao ya wakimbiaji asubuhi kabla ya mazoezi, nikapima kidole. Nikadesign, rafiki yangu wa Chepkoilel mwenye 3D printer akaitoa kwa nta, mimi nikaitumia hiyo nta kutengeneza mold na kumwaga silver.

Jumatano akakuja kujaribu. Pete ikakwama katikati ya kidole.

Harusi ni Jumamosi!

Akaniambia polepole, "Madam, nilipitia kwa Ken nikikuja. Alinionya software yako ya bure itakosea kipimo. Kama haiwezekani, niambie tu nirudi kwake."

Hiyo iliniuma sana, siwafichi.

Nikafungua file. Kipimo ni kile kile cha daftari langu. Nikapima kidole tena, na kimeongezeka.

Hapo ndio akili ikanirudia. Camp nilimpima saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Kaptagat mnaijua, vidole vimesinyaa. Sasa ni saa nane mchana na jua linawaka. Kosa lilikuwa langu, na hakuna software ingeniambia.

Nikabadilisha namba moja tu, rafiki yangu akatoa nta nyingine, nikamwaga silver upya. Ijumaa jioni nilikuwa naing'arisha. Jumamosi kanisani pete iliingia mara moja, nikapiga vigelegele kuliko mama ya bwana harusi.

Mwezi uliopita Ken amenitumia message. Sio kwa group, ni inbox. Ametengenezea pete mkimbiaji mwingine wa camp hiyo hiyo, na software yake ya bei, na imekwama.

"Dada, wewe huwa unawapima saa ngapi?"

Nilimwambia: mchana, mwili ukishapata joto. Sikumlipisha.

Somo langu ni kwamba anza na chenye unaweza, ujue mkono wa mtu kabla ya kujua kompyuta, na usikubali mtu akufungie kazi juu ya subscription.

Wenye mnatumia za bure, wekeni picha za kazi zenu hapa chini. Wenye mnalipia pia karibuni, lakini mje na pete, sio risiti.