Paa Tuliloliezua

Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha mabati ya chumba changu hapa Lindi mjini. Yalikuwa yameliwa na kutu, na nilishazoea kulala na sufuria miguuni kila mvua ikinyesha. Alipong'oa bati la tatu, jua likaingia moja kwa moja, likatua juu ya kitanda, juu ya mswala, juu ya viatu vyangu vya zamani. Nikatoka nje haraka. "Vipi mama, mbona umekimbia?" akaniuliza kutoka juu. Nikamwambia vumbi linanisumbua. Haikuwa vumbi, rafiki yangu. Ilikuwa aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko huyo fundi.

Nilikuwa darasa la sita huko upande wa Miteja, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na kila nyumba kumi zina balozi wao. Asubuhi kipande cha chuma kiligongwa, watu wazima wakaenda shamba la kijiji na sisi tukaenda shule na majembe begani. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka mabibo. Tuliyafyonza mpaka koo likawasha, na maji yake yakaacha madoa kwenye sare ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuyatoa. Mama alinigombeza kila Jumamosi mbele ya beseni. Siku hizi nikipita mahali penye mabibo yaliyoanguka nasimama kidogo, nayanusa, halafu naendelea na safari yangu.

Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyetufundisha sayansi. Alikuwa akituamkia sisi watoto shikamoo, nasi kwa utovu wetu wa adabu hatukumsahihisha, tulimwitikia marahaba kwa sauti nzito. Huyu ndiye aliyekuwa na kamera ndogo ya sinema, ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, ikilia krrr mkononi. Alikuwa amebakiwa na filamu moja, ya dakika tatu hivi. Akasema tutunge mchezo, tuupige picha, ubaki ukumbusho wetu.

Tulikuwa marafiki wanne. Mrefu wetu alijifunza kushika kamera. Msichana mwenye maneno mengi alipewa kuwa bibi mkaidi asiyetaka kuhamia kijijini, na mwenzetu wa nne, aliyekuwa na kifua kipana, akawa mgambo wa kumtoa. Mimi nilipewa mwanga. Silaha zangu zilikuwa kioo cha kabati la mama, nilichokichomoa bila ruhusa, na bati moja jipya la shule. Jua nalipokea kwenye kioo, nalitupa ninapotaka. Niliringa sana. Nilijiona fundi.

Nyumba ya kuigizia tuliipata mahameni, kule tulikokaa kabla ya kuhamishwa. Nyingi zilikuwa zimeshaanguka, lakini moja ilisimama imara, ukuta wake wa udongo umesiribwa vizuri na mlango wake wa mninga umechongwa maua. Ilikuwa ya bibi jirani yetu. Mlango ule aliuchonga marehemu mumewe kwa mkono wake, na kaburi lake lilikuwa hatua chache nyuma ya jiko. Kila Alhamisi jioni bibi alitembea mpaka kule, akafagia nyumba isiyolala mtu, akang'oa majani kaburini, akarudi. Wakubwa walimwacha, walisema umri umemchanganya. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alikuwa akituchomea korosho na kutugawia bila kuhesabu.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na giza. Mwalimu alitazama kile kidude chake cha kupima mwanga, mshale haukusogea. Nikarusha jua kwa kioo, nikarusha kwa bati, mshale ukasogea kidogo ukalala tena. Akasema basi, kesho tutatafuta uwanja wa wazi, akamwachia Mrefu kamera na kurudi shuleni kusahihisha madaftari.

Wazo lilikuwa langu. Nakuambia wewe leo, kwa sababu wenzangu kwa miaka yote walibeba lawama pamoja nami na sikuwahi kuitenga sehemu yangu. Nilisema, "Tuezue makuti ya upande huu. Si mahame tu? Tukimaliza tunarudisha." Mgambo wetu akapanda. Makuti yalikuwa makavu, mengine yalikatika mikononi mwake, vumbi na mende vikatuangukia, tukacheka. Jua likaingia. Uzuri wake siwezi kukuficha: kila kitu kilionekana, mafiga, kinu, kamba ya kuanikia nguo, na maua ya ule mlango.

Ilikuwa Alhamisi. Tulijua, ila tulidhani tutawahi.

Bibi alifika mapema na ufagio wake. Akasimama mlangoni, akatazama juu. Hakutugombeza. Aliokota kuti moja, akalinyoosha kuelekea juu, kama mtu anayeweza kulifikia paa, mkono haukufika. Akajaribu mara ya pili. Halafu akakaa chini pale pale, kuti mapajani, akalia kwa sauti.

Msichana wetu aliyepaswa kuwa bibi mkaidi aliziba mdomo. Mgambo alibaki juu ya kenchi, hashuki. Mrefu alinitazama mimi, kamera mkononi, akisubiri niseme kitu. Na mimi, badala ya kwenda kumshika bibi mkono, niliinua kioo cha mama, nikaelekeza jua usoni mwake.

Kamera ikalia krrr mpaka filamu ikaisha.

Tulimwambia tutaezeka kesho. Akasema, "Haya, wajukuu zangu." Kesho yake ilikuwa zamu ya darasa letu shamba la kijiji. Keshokutwa makuti mapya hatukuyapata. Mvua zikaanza, na wewe unajua ukuta wa udongo usio na paa. Mlango, nilisikia, ulichukuliwa na mpita njia akafanyie kitanda. Bibi aliendelea kwenda kila Alhamisi, ila sasa alirudi mapema.

Filamu ilipelekwa mbali kusafishwa na ikarudi baada ya miezi kadhaa. Mwalimu akaazima jenereta ndogo, akatuita mchana darasani pamoja na wazazi. Safari hii kazi yangu ilikuwa kuziba mwanga: nilitundika magunia na kanga madirishani mpaka giza likatosha. Mchezo wenyewe ulikuwa vipande vya kukimbizana tu, tulivyopiga nje siku ile kabla ya kuingia ndani. Lakini alipotokea bibi ukutani, akiinua kuti, watu waliangua kicheko. "Bibi kaigiza huyu! Mkaidi kweli kweli!" Wakapiga makofi. Mwalimu naye alipiga makofi, maana hakuna aliyemwambia ukweli. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la mbele, shingo kainyoosha, hatikisiki. Nilitamani nijifunike na yale magunia.

Watu walipotoka alinifuata dirishani, ambako nilijifanya nina kazi nyingi na misumari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, nionyesheni tena ile picha. Mara moja tu."

Nilidhani anataka kuwaona waliomcheka, au atanisema mbele ya mwalimu. Nikaogopa. Nikasema, "Mafuta ya jenereta yamekwisha, bibi."

Jenereta ilikuwa bado inanguruma nyuma ya darasa. Tuliisikia wote wawili. Akasema kwa upole, "Nyie mlikuwa mnanicheka mimi. Mimi nilikuwa naitazama nyumba. Nimeuona mlango wangu." Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Mwezi haukuisha mwalimu akarudi kwao na filamu yake. Lakini bibi hakujua kuwa filamu imeondoka naye. Kila tulipokutana kisimani, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza taratibu, "Mafuta yamepatikana?" Nami nilijibu bado, bibi. Nilijibu hivyo hadi nilipochaguliwa kwenda sekondari, na niliporudi likizo ya kwanza walikuwa wameshamzika. Wala si kule nyuma ya jiko lake. Walimzika makaburi mapya ya kijiji.

Yale mahame siku hizi ni mashamba ya mikorosho, huwezi kujua nani alikaa wapi. Mrefu amefariki, wale wengine sijui walipo, na filamu sijui iko kabati la nani huko ng'ambo, au ilishatupwa. Nyumba ile imebaki kichwani mwangu peke yangu, mtu asiyestahili kuwa nayo, na kila nikiiona ina jua nililoliingiza mimi.

Jioni fundi alimaliza, akagonga msumari wa mwisho, chumba kikarudi kwenye giza lake. Akaniita niingie nitazame kama nimeridhika. Niliingia, nikaketi kitandani, nikatazama juu. Mafuta yalikuwepo, bibi. Yalikuwa nusu debe.