Rudi Kwenu

Jana jirani alikaanga jira kwenye mafuta ya moto. Harufu ilipoingia dirishani, nilirudi utotoni Mwanza, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, tulipokuwa tukicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira ukiwa katikati.

Siku moja alikuja binti wa duka la vitenge, Mhindi wa rika letu, nguo zake zikinukia jira. Alikuwa na mpira wa soksi alioushona mwenyewe. Akaomba kucheza.

Mimi ndiye niliyemjibu. "Wahindi hawachezi hapa. Rudi kwenu."

Wenzangu wakacheka, nami nikajiona bingwa. Lakini mama, aliyekuwa anaanika dagaa, aliweka ungo chini akaja.

"Kaka yako huko Urusi anakosomea wanamwambia maneno hayo hayo njiani," alisema. "Barua yake ulinisomea wewe, ukalia. Leo unamwambia mwenzako hayo hayo?"

Mama akamgeukia yule binti. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Misungwi hapa jirani, mama. Hata babu alizaliwa huko." Kisha akamwamkia kwa Kisukuma, kilichonyooka kuliko changu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nisamehe," nikamwambia.

Aliupima mpira wake mkononi. "Sawa. Ila wewe ukae kati, mimi nirushe."

Mpira wa kwanza ulinipata mgongoni, nao ulikuwa mzito. Uwanja mzima ulishangilia, na mimi, huku najisugua mgongo, nikashangilia pamoja nao.