Ndoo ya Maji kwenye Volkswagen

Mwalimu mkuu wa kijiji chetu kipya cha ujamaa cha Gehandu aliisifia Volkswagen yake kwa kuwa injini ilikaa nyuma na haikuhitaji maji. Mkewe aliposhikwa na uchungu, tulimkalisha ndani tumpeleke hospitali Katesh. Mbele ya gari tukamkuta mkulima jirani akifunga boneti, ndoo tupu mkononi.

"Mwalimu, nimeijaza maji kama Landrova ya bwana shamba. Haitachemka njiani."

Chini ya boneti ile palikuwa na tundu la kujazia petroli. Mwalimu alipowasha, injini ilikohoa, ikazima kabisa.

Mkulima alipoelewa, alikimbia kuleta ng'ombe wake wa kulima. Tulilivuta gari kwa mnyororo, na kabla ya barabara kuu mtoto akalia ndani.