Studio ya Anania Kwenye Stoo ya Mahindi

Watu wa Tunduma tuna kaugonjwa ketu: chombo cha muziki kisichotikisa vioo vya madirisha hatukihesabu kuwa chombo. Harusi ikifungwa mjini kati, hata aliyelala na homa yake kule Chapwa atajua bibi harusi anaitwa nani. Na katika kaugonjwa hako, Anania Silwimba alikuwa mgonjwa mahututi.

Riziki yake ilikuwa biashara ya mahindi, ila ukimwita mfanyabiashara alikuwa hageuki. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya. Mkewe, Ferista, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya hiyo tangu wote wawili wakiwa vijana wembamba. Anania mwenyewe alikuwa akisema aliipenda sauti kwanza, sura akaja kuitazama baadaye. Ferista naye alikuwa akicheka, akimwambia ana bahati havikupishana sana.

Mwaka jana sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Wakajaribu tangawizi, wakajaribu asali, wakaombewa. Ikazidi. Mwishowe wakaenda Mbeya, na huko daktari akawaambia bila kuzunguka: uvimbe umekaa kwenye zoloto, pale pale sauti inapotokea, na dawa yake ni kuiondoa zoloto yote. Mama ataishi, lakini hataongea tena kama zamani, seuze kuimba. Wakapewa nafasi ya upasuaji baada ya mavuno.

Hospitalini Ferista hakulia. Alilia njiani, gari liliposimama Vwawa kupakia watu.

"Baba Mercy," alisema, "ule wimbo wangu uurekodi. Mercy akijifungua, mtoto amsikie bibi yake."

Wimbo wenyewe alikuwa ameutunga kwa Kinamwanga, akiimba peke yake stooni huku akipukuchua mahindi. Hakuna mwingine aliyeujua wote. Anania akamshika mkono, akaapa mbele ya abiria kwamba ataurekodi, tena vizuri. Hilo neno "vizuri" ndilo lililomponza.

Mdogo wake Ferista, Clever, alikuwa na kibanda cha vifaa vya umeme ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Anania akamwendea siku ya pili.

"Mulamu," Clever akamwambia, maana ndivyo huko wanavyomwita shemeji, "simu yako hiyo inatosha. Ingieni stooni, mkae katikati ya magunia, mfunge mlango, dada aimbe. Magunia yanameza kelele."

Anania alijiona ametukanwa. "Simu? Dada yako arekodiwe kwa simu kama mtu anayemtumia mwenzake salamu?"

Tusimcheke sana. Kwetu kwaya ikirekodi inakuwa shughuli: sare zinashonwa, watu wanafunga na kuomba, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi anakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Kurekodi kwa simu ni mchezo wa watoto. Anania aliona kwamba sauti aliyoipenda namna ile, kuipitisha kwenye simu ni kuizika bila jeneza.

Basi akaanza kununua. Kwanza alinunua mikisa yenye vitufe vingi na maiki kutoka kwa watu wa mikutano ya injili. Ilikuwa maiki ya wahubiri, inamsikia anayepiga kelele tu. Ferista alikuwa hawezi kupiga kelele. Maiki ikawekwa juu ya kabati.

Akarudi Nakonde, akataka maiki ya studio yenyewe. Akaipata, nzuri kweli, imelazwa kwenye sanduku kama yai. Kufika nayo nyumbani, kimya: ilitaka umeme wake yenyewe, kutoka kwenye kifaa ambacho Clever alikuwa hana. Kikaagizwa Lusaka. Wakakisubiri wiki hata wiki, na kilipofika, huko mashambani mahindi yalikuwa yamekauka.

Ikaja kompyuta. Ikaja programu ya kurekodia. Clever akampa moja ya bure, ina kitufe chekundu, unabonyeza unaimba. Anania akaitazama kwa dharau.

"Wakubwa wanatumia hii?"

"Wakubwa wanatumia nyingine, mulamu. Lakini ile ni ya kusomea."

"Nipe hiyo hiyo."

Akapewa. Kiingereza cha programu hiyo ya wakubwa kilikuwa cha mafundi watupu. Anania alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na miwani yake, akibonyeza na kufuta, huku nyuma yake Ferista amekaa kwenye benchi, leso shingoni, ameshajiandaa.

"Leo?" Ferista alikuwa akiuliza.

"Bado kidogo, Mama Mercy."

Kila siku lile "leo" lilizidi kuwa jembamba. Halafu siku moja hakuuliza tena, akawa anakuja na kukaa tu. Anania hakulisikia badiliko hilo. Alikuwa anashughulikia kuta. Magunia aliyahamisha yote, maana hajawahi kuona studio yenye magunia, akabandika trei za mayai kama alivyoona kwenye picha. Chumba kilichokuwa kinanyamaza sasa kikawa kinavuma kama debe. Na ile maiki nzuri, ambayo haikuwa na dharau ya kuchagua cha kusikia, ikaleta ndani foleni yote ya malori ya mpakani, honi, mashine ya kusaga ya jirani na jogoo.

Jumatatu walitakiwa Mbeya. Jumamosi Ferista akasimama, akaenda mwenyewe mbele ya maiki, akamtazama mumewe. Kwa kunong'ona akasema, "Sasa, Baba Mercy."

Aliimba. Sijui niite kuimba. Ilikuwa hewa iliyokwaruzwa, imepindwa kidogo kidogo kufuata njia ya wimbo, na jasho lilimtoka kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Lakini aliumaliza wote. Alipofika mwisho aliketi, akatabasamu, na alipotaka kusema neno halikutoka. Halikutoka jioni ile, wala Jumapili.

Jumapili hiyo, Ferista akifungasha nguo, Anania alikaa kusikiliza. Mkewe yumo, lakini malori nayo yamo. Akaona aibu. Akasema mjukuu hatamsikia bibi katikati ya honi. Ile programu kubwa ilikuwa na kazi ya kusafisha: unaionyesha kipande cha kelele, nayo inaitafuta kelele ya namna hiyo kila ilipo na kuiondoa. Anania akachagua pale mwanzo kabisa, kabla ya wimbo, ambapo hapakuwa na kitu ila malori na pumzi za Ferista akijikusanya.

Akabonyeza. Malori yakarudi nyuma. Akafurahi, akabonyeza tena, na tena, masikio yake yote yakiwa kwenye malori. Kompyuta ikamuuliza kama mpya ikae mahali pa ile ya zamani. Akakubali, maana hakutaka ile chafu ibaki duniani.

Ndipo akasikiliza wimbo wenyewe.

Kulikuwa safi. Hakukuwa na lori, hakukuwa na jogoo, na hakukuwa na Ferista. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi na mikwaruzo tu, na programu haikujua kuitofautisha na uvumi wa barabara. Hapa na pale kilibaki kipande cha herufi, kama mtu anayefukuza kuku nyumba ya tatu.

Alimpigia Clever.

"Mulamu, ulihifadhi juu ya ile ile?"

"Ndiyo."

"Basi imekwenda, mulamu. Hairudi."

Hakumwambia Ferista. Alimchungulia chumbani, akamkuta anakunja kitenge kwa utulivu ambao hakuwa ameuona mwaka mzima. Ferista akaelekeza kidole kwenye kompyuta, akaweka kiganja kifuani, kama kusema, hata wakinikata, mimi nimo mle. Anania akaitikia kwa kichwa. Alijichukia, lakini aliitikia.

Upasuaji ulikwenda salama, na wote waliokuja kumwona walisema Mungu mkubwa. Mercy naye akajifungua mtoto wa kike, na wiki ambayo Ferista alirudi Tunduma, akiwa na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe, Mercy akamleta mtoto. Ferista akampakata. Akamwonyesha Anania masikio yake mwenyewe, kisha ya mtoto, kisha kompyuta.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Anania akawasha, akamvalisha mkewe hedifoni ili asikilize kwanza yeye, akabonyeza, akasimama pembeni akiwa na maneno ya kuomba msamaha mdomoni.

Ferista alifumba macho. Akasubiri. Akaongeza sauti, akaikandamiza hedifoni masikioni kwa mkono mmoja. Mstari kwenye kioo ulikuwa umeshapita nusu ya wimbo.

"Mama Mercy," Anania akaanza.

Ferista, macho bado kayafumba, akamwinulia kidole anyamaze, wimbo haujaanza.